Msichana Aliyetupa Mgongo

Marseille, 14 Januari 1979

Kwa Mama Mkubwa Shama,

Assalamu alaykum. Hapa tu wazima, ila Idrisi analalamika mgongo tangu wamhamishie kwenye magunia bandarini, na binti yetu Ilham ameng'oka jino la mbele, sasa anazungumza kama mzee. Wewe macho yanaendeleaje? Ile dawa ya matone umeitumia, au umemgawia jirani yako Lalla Batuli kama ile ya kwanza?

Nina habari kubwa, na nataka niieleze kwa mpangilio. Jumapili mvua ilinyesha, tukampeleka Ilham kwenye jumba la makumbusho lililo karibu nasi, kwa sababu siku hiyo hawatozi kitu na ndani mna joto. Katika chumba kimoja nikaona picha ya rangi ya wasichana wawili wanaotarizi. Wamekaa kwenye godoro la sebuleni, kitambaa kimoja kikubwa cheupe kimewalalia wote wawili mapajani, uzi ni wa buluu. Mmoja anatutazama. Wa pili ametupa mgongo, unaona kitambaa chake cha kichwa, bega, na mkono wenye sindano, basi. Nikasoma kibao chini yake: "Wasichana wakitarizi nyumbani kwa Maalima Mennana, Fes, 1934."

Mama Mkubwa, ilibidi nikae kwenye benchi. Nilipokuwa mdogo ulinieleza mara nyingi kwamba wewe na mama mlijifunza kutarizi kwa Maalima Mennana, mkifanya kazi kitambaa kimoja, wewe mwisho huu na yeye mwisho ule. Na kwamba mwaka mmoja alikuja mchoraji wa Kifaransa na mkewe. Ukifika hapo ulikuwa unakumbuka kitu jikoni.

Unajua ninachotaka. Mama alifariki siku niliyozaliwa. Babu hakuruhusu mpiga picha avuke kizingiti. Duniani hakuna karatasi hata moja yenye uso wake. Nilipofika nyumbani niliandika mstari mmoja tu katika shajara yangu, mimi ambaye hujaza ukurasa kwa habari ya bei ya vitunguu: "Huenda leo nimemwona mama."

Nimekutumia kadi ya picha hiyo, walikuwa wanaziuza mlangoni. Swali langu ni moja. Kati ya hawa wawili, mama ni yupi? Nadhani ni huyu anayetutazama, kwa sababu pua hiyo ni yangu.

Mwanao,
Badia


Fes, 12 Februari 1979

Kwa mwanangu Badia,

Salamu nyingi zikufikie wewe, Idrisi na mjukuu wangu asiye na jino. Mimi ni mzima kwa uwezo wa Mungu. Macho ni yale yale, naona dunia kama kupitia mvuke wa hamamu. Maulidi yamepita salama, tulipika, tukala, Lalla Batuli akaungua mkono akanilaumu mimi. Anayeandika ni bwana wetu Si Tuhami, yule wa posta aliyestaafu. Anakunywa chai yangu tangu alasiri na bado hatujafika mstari wa tano.

Kadi nimeipata. Nimeiweka chini ya kioo cha kukuzia cha Si Tuhami, kwa sababu ni ndogo kama kiganja cha mtoto. Nimeitazama na nimekasirika. Huyo mtu ametuwekea sinia la chai mbele ya kazi! Nani katika Fes nzima aliwahi kuweka chai karibu na kitambaa cheupe? Maalima Mennana angetuvunja vidole. Chai ilinywewa kule uani, kazi ikishakunjwa, mikono ikishaoshwa. Halafu ona mkanda aliomvisha huyo mmoja. Huo ni mkanda wa bibi arusi. Msichana hawezi kuinama kutarizi amefungwa mkanda wa fedha, atakatika tumbo. Aliutoa wapi? Aliuona sokoni akaupenda akautia.

Sasa nifanyie kazi moja, wewe una macho. Nenda ukatazame pale kitambaa kinapojikunja kwenye goti, upande wa chini. Kadi haionyeshi. Wewe hukutaka kujifunza, ulipenda vitabu, lakini hili unalijua: tarizi ya Fes haina chini. Ukigeuza kitambaa unaona kile kile. Nataka kujua kama alau hilo amelipata sawa.

Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa malaika. Hakuwahi kumwinulia mtu sauti. Kila aliyemjua atakwambia hivyo.

Usiache kula. Na usininunie nikichelewa kujibu, huo ununaji wako sijui umeutoa wapi. Nadhani kwa baba yako.

Mama yako Mkubwa,
Shama


Marseille, 25 Februari 1979

Kwa Mama Mkubwa Shama,

Assalamu alaykum wewe na majirani wote. Sisi ni wazima. Mwambie Lalla Batuli pole ya mkono.

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta jibu la swali langu. Nimepata sinia, mkanda, na kwamba mama alikuwa malaika. Hilo la malaika nimelisikia tangu nilipopata akili. Malaika hawana pua, Mama Mkubwa. Mimi nataka pua.

Lakini umenituma na nimekwenda. Nilichukua penseli na daftari nikasimama karibu mpaka mlinzi akakohoa. Kitambaa kimejikunja mara mbili. Karibu na huyu anayetutazama, upande wa chini umechorwa sawa na wa juu, mistari ya buluu ile ile. Kwenye pembe ya huyu aliyetupa mgongo, upande wa chini, kuna nukta tatu nene za buluu, na kila moja ina kijiuzi kinachoning'inia. Sijui kutarizi, lakini fundo nalijua. Ni mafundo matatu.

Haya, nimefanya kazi yako. Fanya yangu. Ni neno moja: anayetazama, au aliyetupa mgongo. Kama kuandikisha ni tabu, nenda dukani kwa Bennis, nitapiga simu Ijumaa baada ya sala na utaniambia kwa mdomo.

Mwanao,
Badia


Fes, 20 Machi 1979

Kwa Badia,

Salamu. Mimi ni mzima, ila umenipandisha damu.

Kwanza simu. Mimi nisimame dukani kwa Bennis, nizungumze habari za mama yako mbele ya watu wanaopimiwa mafuta ya zeituni? Bennis mwenyewe akifunga duka hadithi inamtangulia nyumbani. Ijumaa hiyo nilikaa ndani makusudi.

Pili, MAFUNDO! Si Tuhami, andika kwa herufi kubwa. Umeandika? Vizuri. Badia, huyo mtu ametutukana. Katika nyumba ya Maalima Mennana hakuna aliyefunga fundo, hata mtoto wa siku ya kwanza. Unaanza kwa kuupitisha uzi chini ya nyuzi za kitambaa, unaurudisha juu yake, unajishika wenyewe. Ukimaliza unauzika vile vile. Fundo ni uchafu. Maalima alikuwa anafumba macho na kupitisha kidole gumba upande wote wa chini, na akigusa kitu kama chembe ya mchanga, kazi yote inafumuliwa mbele ya wenzako huku wanacheka. Nimewahi kuona msichana akilia kwa fundo moja mpaka akatapika.

Na sasa katika nchi ya watu, ukutani, wazungu wanapita na watoto wao wanaona kitambaa chetu kina mafundo matatu. Kitambaa kile ni changu, cha arusi yangu! Kimo sandukuni. Nenda kwa wakubwa wa jumba hilo uwaambie wafute. Wana rangi nyeupe, haiwezi kuwashinda.

(Mimi Tuhami naomba radhi kwa maneno niliyoyaruka hapa. Karatasi ya posta haikuumbwa kubeba kila kitu.)

Swali lako nimelisikia. Kuna mambo hayapiti kwa kalamu ya mwanamume. Ngoja tuonane.

Mama yako Mkubwa,
Shama


Marseille, 8 Aprili 1979

Kwa Mama Mkubwa,

Salamu zetu. Tu wazima.

Ngoja tuonane! Nauli ya sisi watatu tunaipata mwaka huu kama Mungu akipenda, mwaka kesho kama hakupenda. Nimengoja tangu nizaliwe, na wewe unajua jibu, umelikalia.

Nimekwenda kwa mlinzi, kwa sababu sikuthubutu kwenda kwa wakubwa. Ni mzee aliyetoka mji wa Wahran, jina lake Bualam, na alishaanza kunizoea.

"Binti," akasema, "kila Jumapili uko hapa na hawa wawili. Wanakudai?"

"Kuna kosa katika picha hii, mzee wangu."

"Kosa gani?"

"Hayo mafundo. Mama yangu mkubwa anasema hayakuwepo. Anataka yafutwe."

Akainama, akavaa miwani, akayatazama. "Mafundo," akasema. "Chumba cha mwisho kule kuna mtu amechorwa hana kichwa, na ukoo wake haujaleta malalamiko." Kisha akaona uso wangu akaacha kucheka. "Ni watu wako?"

"Mmoja ni mama yangu."

"Yupi?"

Mama Mkubwa, unaona ulichonifanyia? Mgeni ananiuliza mama yako ni yupi, natazama viatu.

Basi nimeamua mwenyewe. Nimenunua kadi nyingine kubwa, nimeitia kwenye fremu, nimeitundika juu ya kitanda cha Ilham. Nimemwambia, "Huyu anayetutazama ndiye Bibi Zuhur." Kila asubuhi anamwamkia. Idrisi anasema nimekuwa mgomvi tangu picha iingie nyumbani, ananitania eti nikikasirika bega la kushoto linapanda mpaka sikioni, "Haya, bega limepanda, leo hatuli." Acha acheke. Mimi nikichoka huutazama uso ule. Una upole na utulivu ambao wewe, unisamehe, hukujaliwa. Ukiutazama unajua huyu mtu hajawahi kumtukana mchoraji wala kumficha mtoto jambo. Sasa naelewa kwa nini watu wote walimwita malaika.

Ukitaka kunijibu, nijibu. Usipotaka, tayari ninaye.

Mwanao,
Badia


Fes, 29 Aprili 1979

Badia,

Salamu. Barua yako Si Tuhami alinisomea kwa sauti, na mlango ulikuwa wazi, na Lalla Batuli alikuwa anachambua dengu hapa kibarazani. Mstari wa upole na utulivu aliusoma mara mbili, alidhani sikusikia.

Huo uso wenye utulivu ambao sikujaliwa ni wangu, mwanangu. Huyo ni mimi.

Andika, Si Tuhami, usinitazame. Ameweka kalamu chini. Ananiangalia utadhani bado nimekaa pale sijajifunika. Nilikuwa na miaka kumi na sita, mwambie hata yeye alikuwa na nywele wakati huo. Haya, ameishika.

Ilikuwa hivi. Mke wa mchoraji aliagiza kitambaa cha meza kwa Maalima, akawa anakuja kukitazama. Siku moja akaja na mumewe. Maalima alikataa, lakini kaka yake alikuwa mkalimani katika ofisi ya Wafaransa, akambembeleza, "Atakaa mlangoni tu, dada yangu, hawatafunua nyuso." Sisi tukaambiwa tujifunike mpaka machoni na tuendelee na kazi yetu, kitambaa changu cha arusi. Tukaendelea. Mimi nikahisi joto. Uongo, sikuhisi joto, Badia, nilijua nilivyo mzuri na hakuna aliyewahi kuniona isipokuwa wanawake na paka. Kitambaa cha usoni kikateleza. Kikateleza kidogo, halafu nikakiacha.

Zuhur alikuwa amekaa kando yangu, naye anamtazama yule mtu. Aliponiona alisimama, akazunguka na mwisho wake wa kitambaa, akakaa upande wa pili akampa mgongo. Mchoraji akamwomba kupitia kwa kaka yake Maalima ageuke. Hakugeuka. Akaombwa tena. Ni kama anaongea na ukuta. Zilikuwa haya zile, alikuwa na haya kama malaika, nami nikaona vema, nitachorwa peke yangu. Alikaa hivyo siku zote alizokuja yule mtu. Na baadaye hata pindo la pembe yake alilikunja na kulishona mwenyewe, hakutaka nimsaidie, alikuwa na huruma nami kwa sababu arusi yangu ilikuwa inakaribia.

Sasa unajua. Ulipoleta kadi nilisema nitajibuje? Niseme mama yako ni yule mgongo? Umemtafuta maisha yako yote, umepata mgongo, na uso ni wa yule uliyeishi naye na kumchoka? Nikadhani nikizungumza habari ya sinia swali litachoka lenyewe. Halafu ukamtundika juu ya mtoto. Mtoto ananiamkia mimi kila asubuhi akidhani ni maiti.

Mshushe, au mwambie ni Bibi Shama. Lakini usiniambie tena habari ya utulivu.

Mama yako Mkubwa,
Shama


Fes, 2 Julai 1979

Kwa Badia,

Salamu kwako, kwa Idrisi, kwa Ilham. Mimi ni mzima, joto limeanza, tunalala juu ya dari.

Wiki zinapita na mtu wa posta anapita. Umenuna. Nakujua. Ukiwa mtoto ulininunia kwa sababu ya kuku niliyemchinja, ukakaa kimya mpaka tukasahau kuku alikuwa wa rangi gani, wewe peke yako unakumbuka. Mimi nikikasirika nasema, napiga kelele, jirani wanasikia, inaisha. Wewe unameza.

Ramadhani inakaribia. Andika hata mstari mmoja. Nitukane, nimekuruhusu.

Mama yako Mkubwa,
Shama


Fes, 6 Septemba 1979

Kwa mwanangu Badia,

Salamu. Ramadhani imekwisha, Idi imekwisha, barua haikuja. Sikulaumu. Nina jambo la kukwambia na nimemwambia Si Tuhami aandike kila neno bila kuruka, na asiniulize.

Baada ya Idi nilisema, mtoto huyu nimempokonya uso, nitampa nini? Nikakumbuka kitambaa. Kipo sandukuni na maua ya lavenda, nilikitandika usiku wa arusi, nikakikunja, mume wangu akafa, mama yako akafa, sikukikunjua tena. Nikasema nitampa mwisho wa mama yake. Ataona mkono wake ulivyokuwa, hakuna mtu Fes aliyekuwa na mkono kama ule.

Nikakifungua kitandani. Siwezi kuona buluu tena vizuri, nikafanya kama Maalima, nikafumba macho nikapitisha kidole gumba. Mwisho wangu, safi. Katikati, safi. Mwisho wake, safi kama maji. Nikafika kwenye pembe, kwenye lile pindo alilolishona mwenyewe. Ndani ya pindo kidole kikagusa kitu. Kigumu, kama dengu. Nikasogeza, kingine. Nikasogeza, cha tatu.

Nikamwita Lalla Batuli mwenye macho. Nikalifumua pindo kwa wembe, yeye ananishikia kitambaa.

"Unaona nini?" nikamwuliza.

"Mafundo, Shama. Matatu. Ya hariri ya buluu."

"Labda uzi umejisokota."

"Uzi haujisokoti hivi. Aliyeyafunga aliyavuta kwa meno."

Tukakaa kitandani sote wawili kama watoto waliovunja chungu.

Badia, yule mchoraji hakukosea. Nimemtukana miezi yote hii, Mungu anisamehe, na sinia lake. Alikuwa amekaa nyuma ya mgongo wa Zuhur, akaona asichokiona yeyote kati yetu. Akachora. Halafu Zuhur akakunja pindo juu yake, akashona mshono mdogo mzuri, akanikabidhi kitambaa cha arusi yangu, akanibusu huku na huku.

Hazikuwa haya. Zilikuwa hasira. Nilionyesha uso wetu, maana uso wangu na wake ulikuwa mmoja, kwa mtu aliyekuja kuubeba aondoke nao. Hakunigombeza. Akaniwekea fundo, na akaniwekea pale ambapo ninalalia. Tuliishi miaka kumi na miwili baada ya pale, tunakula sahani moja, ananisuka nywele, na mimi sikujua. Sijui hata kama lilimwisha. Nani nimuulize? Nina hasira naye, Badia. Nina hasira na mtu aliyelala kaburini tangu mwaka arobaini na sita. Kwa nini hakusema? Angenipiga kofi, ningelia, ingekwisha kabla ya magharibi.

Na nyinyi wote nimewaambia alikuwa malaika. Nimekwambia wewe! Malaika havuti uzi kwa meno.

Sasa najua ununaji wako umeutoa wapi. Nimemsingizia baba yako bure, ingawa ana mengine.

Nataka shauri lako. Nikiyafungua mafundo, kitambaa kitakuwa kama kinavyotakiwa, hakina chini wala juu. Nimeshika sindano asubuhi yote ili niyalegeze, nimeshindwa. Nikiyaacha, nitakuwa nimekuletea kazi chafu iliyotoka nyumba ya Maalima Mennana. Sema wewe. Ni ya mama yako.

Mama yako Mkubwa,
Shama


Marseille, 30 Septemba 1979

Kwa Mama Mkubwa Shama,

Assalamu alaykum. Tu wazima. Jino la Ilham limeota, limepinda.

Nilinuna, siwezi kukana. Shajara yangu ya mwezi Mei ina kurasa nyeupe, jambo ambalo halijatokea tangu nilipoianza shuleni. Picha niliishusha nikaitia nyuma ya kabati. Ilham akauliza, "Bibi ameenda wapi?" nikamjibu vibaya, akalia. Nilikuandikia barua mara nyingi nikazichana. Nilikasirika kwamba umenificha, kisha nikakasirika kwamba umesema. Nilikuwa na uso wa mama kwa mwezi mmoja, Mama Mkubwa. Hakuna aliyewahi kunipa kitu kikubwa hivyo, na ni mimi niliyejipa.

Barua yako ilifika Alhamisi. Sikungoja Jumapili. Niliomba ruhusa kazini nikasema mtoto anaumwa, nikalipa kiingilio. Bualam akanifuata. "Leo umekuja na siku ya pesa," akasema, "lazima kuna jambo." Nikamwambia nimejua mama ni yupi. Akanisogezea kiti chake, akaenda kusimama mlangoni.

Kwa mara ya kwanza sikuutazama uso. Nilimtazama aliyetupa mgongo. Nimekwenda pale Jumapili baada ya Jumapili na sikuwahi kumtazama, nilikuwa nampita kama mtu anayepita kiti. Mama Mkubwa, ametazama chini, kwenye mafundo yake. Shingo imekazwa. Na bega la kushoto limepanda. Limepanda mpaka linakaribia sikio.

Nilirudi nyumbani nikamwita Idrisi. Nikampa ile picha kutoka nyuma ya kabati, sikumwambia kitu. Akaitazama, kidole chake kikaenda moja kwa moja kwa yule wa mgongo. "Huyu ni wewe," akasema. "Hivi ndivyo ulivyokaa tangu Mei."

Basi nimempata. Pua yake mwenyewe sijaipata. Lakini ninyi nyote mlinipa malaika, na mimi na malaika hatukuwahi kuwa na la kuzungumza. Nilikuwa nikikasirika najiona mtoto mbaya wa mama mwema. Huyu wa mafundo namjua. Huyu angenielewa kwa habari ya kuku.

Usiyafungue. Usiyaguse hata kuyalegeza. Kama lilimwisha au halikumwisha, mimi pia sijui, na inaniuma kwa ajili yako. Naweza kukwambia tu jinsi yanavyoisha ya kwangu: polepole, na mwishoni naona aibu kusema kwamba yameisha, kwa hiyo nasuka nywele za mtu.

Picha imerudi ukutani. Ilham sasa anaamkia wawili. Amesema Bibi Shama alikuwa mzuri sana na ameuliza nini kilitokea. Nimemwambia atakuuliza mwenyewe, kwa sababu Idrisi amekopa nauli kwa kaka yake na tutakuwa Fes wiki moja kabla ya Idi Kubwa. Liache lile pindo wazi. Nataka tulishone sisi, wewe unashika kidole changu na kunitukana, mimi natazama badala yako. Tutayarudisha mafundo ndani mahali pake.

Nitaosha mikono. Na chai iwekwe uani.

Mwanao, na mtoto wa Zuhur,
Badia